Mpe mgeni rasmi dakika 12

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umesema umeingizwa kwenye kamati ya mahafali ya chuo kikuu kishiriki, wahitimu ni 640, na mwenyekiti wenu anataka mgeni rasmi apewe dakika 45 za hotuba. Unauliza kama ni sawa, na hotuba ikae wapi kwenye ratiba. Si sawa. Mpe dakika 12, na aongee kabla majina hayajaanza kuitwa.

Piga hesabu ya majina kwanza, maana hayo hayapunguziki. Mhitimu akitumia sekunde 6, tangu jina litajwe hadi aachie mkono jukwaani, watu 640 wanamalizika kwa dakika 64. Akitumia sekunde 9, zinakuwa dakika 96. Hizo sekunde 3 hupotelea mahali pamoja: mhitimu anasimama kumtafuta mpiga picha. Mpiga picha mmoja akae pale pa kupeana mikono, mwingine chini ya ngazi za kushukia, na siku ya mazoezi waambieni wote kuwa picha ya kutulia inapigwa chini. Sasa jumlisha: maandamano ya kitaaluma dakika 15, ufunguzi na utambulisho 15, taarifa ya rasi, yaani kiongozi wa chuo chenu kishiriki, 10, hotuba 12, majina 64, zawadi 10, kufunga 10. Ni saa mbili na dakika 16. Weka hotuba ya dakika 45 na sekunde 9 kwa kila mhitimu, unafika saa tatu na dakika 21. Na humo ukumbini mna wazee na watoto wachanga.

Kwa nini hotuba itangulie? Ikiwekwa mwishoni, familia zitakuwa zimeshamfuata mhitimu wao nje, na mgeni atahutubia viti. Ikiwekwa mwanzoni kabisa, watu bado wanaingia na kutafuta pa kukaa. Mahali pake ni baada ya taarifa ya rasi, kabla ya kutunuku shahada.

Hapo pa kutunuku msichanganye mambo. Chuo kikuu kishiriki kwa kawaida hutoa shahada za chuo kikuu mama, kwa hiyo anayetunuku ni mkuu wa chuo (chansela wa chuo kikuu mama, si rasi wenu) au aliyekaimishwa rasmi. Mkuu wa kitivo anawawasilisha wahitimu watarajiwa, wanasimama, mkuu wa chuo anatamka maneno ya kutunuku, na kuanzia hapo ndipo wanakuwa wahitimu. Mgeni rasmi, hata awe na cheo gani, hana mamlaka hayo kama hakukabidhiwa. Anaweza kutoa zawadi na kupongeza. Mwelezeni mapema, asije akainuka wakati si wake.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni jina kusomwa kwa mtu mwingine. Msomaji akisoma kutoka kwenye orodha, na mhitimu mmoja wa mstari wa tatu hakufika, wote wanaomfuata wanaweza kuvishwa majina yasiyo yao. Tumieni kadi. Iwe ya ukubwa wa kiganja, namba ya kiti kwenye kona, jina kwa herufi kubwa, na chini yake jina hilohilo limekatwa kwa silabi, silabi ya mkazo imepigiwa mstari. Mhitimu mwenyewe anaikagua siku ya mazoezi, anaisahihisha kwa kalamu, na siku yenyewe anapanda nayo na kumpa msomaji. Msomaji anasoma alichopewa, kisha anaitumbukiza kwenye boksi. Asiyekuja hana kadi, basi hakuna kinachosogea. Jioni boksi hilo litamwonyesha msajili nani alipita na nani hakupita. Muwe na wasomaji wawili wa kupokezana kwa vitivo, kwa sababu sauti ya mtu anayesoma mamia ya majina huchoka na mwendo hulegea.

Turudi kwa mgeni. Mwalikeni miezi minne hadi sita kabla, na muwe na mtu wa akiba anayejua kuwa ni wa akiba. Barua ya mwaliko itaje saa ya kufika, idadi ya wahitimu na fani zao, dakika 12 kwa tarakimu, na saa ya kumaliza. Ombeni wasifu wa maneno 100, na pia urefu wa mwili wake na mzunguko wa kichwa, kwa ajili ya joho na kofia. Kofia inayopwaya itamfanya aishike kwa mkono hotuba nzima. Dakika 12 kwa mwendo wa jukwaani ni kama maneno 1,200. Wiki moja kabla, ombeni nakala ili kuhesabu maneno tu, si kumhariri. Ichapeni kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, kurasa zina namba na hazijabanwa pini, na nakala ya pili ikae kwenye mimbari.

Mwenyekiti atasema dakika 12 ni kumdharau mgeni. Mkumbushe kwa upole kuwa Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Apple, alizungumza dakika 15 hivi kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2005, akisoma karatasini, hadithi tatu tu, na watu wanairejea hotuba ile hadi leo. George Marshall, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alitumia mahafali ya Chuo Kikuu cha Harvard, tarehe 5 Juni 1947, kutangaza wazo la kuisaidia Ulaya kujijenga upya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alikuja na jambo moja. Mwombeni mgeni wenu naye aje na jambo moja, alilolifanya kwa mikono yake.

Kinachomla mgeni dakika ni salamu. Kila anayepanda akianza kutaja waheshimiwa kwa vyeo, dakika nne zimekwenda kabla hajasema kitu. Mshereheshaji ataje orodha nzima mara moja mwanzoni; wengine wote waseme "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. Hili rasi mwenyewe amwambie mgeni kwa simu, si wewe. Kijana wa kamati hamkatishi mheshimiwa.

Spika zikae mbele ya maikrofoni, upande wa watazamaji, kamwe zisiwe nyuma yake, la sivyo zitapiga mluzi. Maikrofoni iwe shubiri moja kutoka mdomoni. Mtu wa mstari wa kwanza ashike kadi iliyoandikwa "DAKIKA 2", aionyeshe mara moja tu.

Rasimu ya barua ya mwaliko nitumie kabla hujaipeleka kwa rasi, niipitie. Na orodha ya majina ifungwe wiki tatu kabla, ikiwa imelinganishwa herufi kwa herufi na ile itakayochapwa kwenye vyeti.

Mama yako