Umepata kazi ya usaisi Sydney? Anza na historia ya Golden Slipper

Wadogo zangu mnaoniuliza kila wiki kuhusu hii kazi ya farasi huku Sydney, leo naandika mara moja mtumiane. Mimi nilianzia Ngong Road pale Nairobi, kuosha ndoo, kutembeza farasi wakitoka mazoezi, nikaja huku nikijiona fundi. Kumbe bado. Kitu hakuna mtu aliniambia ni kwamba banda lenye farasi wa miaka 2 linaishi kwa kalenda ya mbio moja tu, na kama hujui hiyo mbio ilitoka wapi utabaki kushangaa mbona kuanzia Januari kila mtu ana presha, treina hacheki na mtu, na wewe unafokewa kwa sababu ya bandeji.

Hiyo mbio ni Golden Slipper. Inakimbiwa uwanja wa Rosehill, magharibi mwa Sydney, mwezi wa Machi hivi, mita 1200, farasi 16 wasizidi, wote wa miaka 2. Inaisha kwa dakika moja na sekunde kumi hivi, ukipiga chafya umeikosa, na zawadi yote ni dola milioni 5 za Australia.

Ilianza 1957. Wakati huo Sydney kulikuwa na klabu kubwa ya zamani, AJC (Australian Jockey Club) ya uwanja wa Randwick, wao ndio walikuwa na mbio za heshima za farasi wadogo, halafu kulikuwa na Sydney Turf Club (STC) ya Rosehill, iliyoanzishwa 1943, pesa ipo lakini jina bado. Mzee mmoja wa STC, George Ryder, ambaye pia alikuwa mtu wa kuzalisha farasi, ndiye alileta wazo la mbio fupi ya wadogo ambao wote wanabeba uzito uliopangwa, jike anapunguziwa kidogo basi. Farasi wa kwanza kushinda aliitwa Todman, joki Neville Sellwood, na hakushinda kwa pua, alishinda kwa urefu wa farasi 8! Mbio ya mita 1200, fikiria hiyo nafasi. Hizo klabu mbili ziliungana 2011, lakini wazee wa mabandani bado wanataniana kuhusu nani ni wa Randwick na nani wa Rosehill, wewe sikiliza tu ucheke.

Sasa hapa ndipo muwe makini, maana ndipo kazi yenu ilipo. Baba yake Todman alikuwa dume mmoja mfupi aliyezaliwa Ireland, Star Kingdom, aliletwa Australia 1951. Huyo dume alizaa washindi wa Slipper miaka mitano ya kwanza yote, 1957 mpaka 1961: Todman, Skyline, Fine and Dandy, Sky High, Magic Night. Mitano mfululizo! Wenye mashamba wakaona, ahaa, kumbe pesa iko kwa farasi anayekomaa haraka, na tangu hapo nchi nzima ikageuka, watu wakawa wanazalisha farasi wa mbio fupi wanaokomaa mapema, sio wa mwendo mrefu. Baadaye ikajirudia kwa Danehill, huyo watoto wake walichukua 1994, 1995 na 1996. Kwa hivyo dume akishinda Slipper leo hanunuliwi tena kama mkimbiaji, ananunuliwa kama baba. Ndio maana bosi anatembea na roho mkononi. Yule unayemkwangua kwato pale ni shamba la mtu.

Lakini msidhani ni ya matajiri peke yao. Manikato aliyeshinda 1978 alinunuliwa dola 3,500, na alikuwa amehasiwa, yaani hakuna ubaba hapo, ni miguu tu, na alikuja kuwa mmoja wa wakimbiaji wakali zaidi wa mbio fupi nchi hii imewahi kuona. She Will Reign wa 2017 alinunuliwa dola 20,000. Mimi nikipewa farasi ambaye hakuna mtu anamtaka huwa namhudumia kama wa milioni, kwanza hao ndio hawana watu wengi wa kukuingilia kazi.

Kuhusu umri. Huku farasi wote wanahesabiwa birthday moja, tarehe 1 Agosti, hata kama alizaliwa Novemba. Kwa hivyo huyo wa miaka 2 ana miaka miwili na miezi kadhaa, mifupa bado laini, na ugonjwa wao mkubwa ni muundi, ule mfupa wa mbele wa mguu, unauma na kuvimba kwa ajili ya spidi. Kila asubuhi kabla ya kitu chochote pitisha mkono kwenye miundi yote miwili ya mbele, linganisha joto. Mwaka wangu wa kwanza nilisikia joto kwa jike mmoja, kidogo tu, nikajiambia mimi mgeni nisije nikaonekana najifanya daktari, nikanyamaza. Siku tatu baadaye akachechemea na msimu wake ukaishia hapo. Treina hakukasirika kuhusu mguu, alikasirika kwamba mkono wangu ulijua na mdomo ukakaa kimya. Sijanyamaza tena tangu siku hiyo, hata nikikosea wanicheke.

Geti pia, lile la kuanzia mbio. Farasi wadogo wanaogopa geti, na mbio ya mita 1200 ukichelewa kutoka umekwisha, ingawa Belle Du Jour mwaka 2000 alijikwaa pale mwanzo, akabaki nyuma kabisa, na bado akashinda. Watu watakusimulia hiyo stori mpaka uchoke. Isiwe kisingizio, mzoeze geti taratibu, aingie, asimame, atoke akitembea, kila siku.

Na mjue majina ya watu, itawasaidia kwa maongezi ya chai: Tommy Smith alishinda Slipper mara 6 kama treina, halafu binti yake Gai Waterhouse akampita, mara 8, mbili za mwisho akiwa na mshirika wake Adrian Bott.

La mwisho hakuna atakayekufundisha. Farasi akishinda haendi kupumzika, anapelekwa kuchukuliwa mkojo wa kupimwa dawa, na wewe ndiye unasimama naye humo ndani mpaka akojoe, wengine dakika kumi, wengine saa nzima, huku wenye farasi wanafungua shampeni nje. Kinachosaidia ni mluzi, wa chini chini, wa taratibu. Kama hujui kupiga mluzi anza leo.