Ami, umeniuliza kuhusu Ohio

Shikamoo, Ami. Swali lako nimelisoma: Ohio, jimbo la Marekani ninakoishi, ilimpa Obama wa chama cha Democrat kura za urais 2008 na 2012, kisha ikampa Trump wa Republican mara tatu, 2016, 2020 na 2024. Ukauliza kama wazungu walichoka kutawaliwa na mtu mweusi.

Ubaguzi upo, nisikufiche. Lakini hauelezi yote. Kaunti ya Trumbull, kaskazini mashariki, ilimchagua Obama mara zote mbili, na 2016 ikamwendea Trump. Jirani yake Mahoning, uliko mji wa Youngstown, ikafuata 2020. Kabla ya hapo, Republican wa mwisho kushinda urais pale alikuwa Nixon, 1972.

Kule palikuwa ngome ya vyama vya wafanyakazi. Septemba 1977 kiwanda kikubwa cha chuma kilitangaza kufunga, watu kama 5,000 wakakosa kazi, na vingine vikafuata. Halafu 1993 Rais Bill Clinton, Democrat, mtu wa chama chao wenyewe, akatia saini sheria iliyoupitisha mkataba wa biashara huria na Mexico na Kanada. Wazee wa huko wanaulaumu kwa kazi zilizopotea, na hawajamsamehe mpaka leo.

2017 Trump alifika Youngstown akawaambia wasiuze nyumba zao, kazi zinarudi. Machi 2019 kampuni ya magari ya General Motors ikasimamisha kiwanda chake cha Lordstown, ndani ya Trumbull hiyo hiyo. Ungetarajia wamwadhibu. 2020 wakamshindisha kwa tofauti kubwa zaidi! Kwa maoni yangu walishaacha kuhesabu ahadi. Wanampenda kwa sababu anawachukia watu wale wale wanaochukiwa na wao.

Hapa Columbus, mji mkuu wa Ohio, mambo yamekwenda kinyume. Kaunti yetu ya Franklin ilimchagua Reagan wa Republican mara mbili, leo ni ya Democrats kwa mbali. Kuna chuo kikuu, hospitali kubwa, ofisi za serikali, na sisi wageni, Wasomali wakiwa wengi. Kwetu Kenya ukilijua jina la mtu unaanza kukisia kura yake. Huku mzungu muulize kama ana shahada, na kama anaishi mjini au shamba. Kwa watu weusi kipimo hicho hakifai sana, maana wengi wao bado ni Democrats, wasomi na wasiosoma.

Na sisi wahamiaji? 2024 Trump alisema kwenye mdahalo wa televisheni kwamba Wahaiti wa Springfield, mwendo wa kama saa moja kutoka kwangu, wanakula mbwa na paka za watu. Uongo mtupu. Shule za mji ule zikapokea vitisho vya mabomu, watoto wakarudishwa nyumbani. Novemba Ohio ikampa asilimia 55.

Siku hiyo hiyo Seneta Sherrod Brown, Democrat aliyeupinga mkataba ule wa Clinton tangu 1993, akaangushwa na Bernie Moreno, mfanyabiashara aliyezaliwa Bogotá, Colombia. Mhamiaji, Ami, na kampeni nzima alihubiri kufunga mpaka.