Rafu tupu ambayo programu haiioni

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mtaalamu wa dawa mstaafu, aliyetunza stoo za dawa katika vituo vya afya vya Mombasa kwa miaka 28.

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni kijana wa Likoni, kazi yangu kuandika programu za kompyuta. Mimi na wenzangu wawili tumepewa kazi ya kuboresha programu ambayo zahanati huagizia dawa. Tumeambiwa tuongeze ramani, michoro ya rangi na akili unde ya kutabiri mahitaji. Lakini nimezunguka zahanati nne upande wetu huu wa feri, nikakuta masista wanaandika daftarini mwezi mzima, kisha programu wanaijaza siku moja tu, ile ya mwisho. Tuanzie wapi? – Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Waliokuja stoo kwangu na kompyuta walikuwa wengi, na wachache mno waliouliza kwanza dawa inaingiaje na inatokaje. Wewe umekwenda kuangalia, kwa hivyo nitakujibu kwa kirefu, na wenzako uwasomee.

Anzeni na sifuri.

Masika moja kuhara kulitushika vibaya. Tarehe mosi nilikuwa nimepokea pakiti 120 za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini. Kufikia tarehe kumi jioni, boksi lilikuwa tupu. Siku ishirini zilizobaki kina mama walikuja na watoto mgongoni, nami kazi yangu ikawa kuwaambia wakanunue kemisti, na asiyekuwa na pesa nikimfundisha kuchanganya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mwisho wa mwezi nikajaza fomu. Zilizotolewa: 120. Programu ikaipokea hiyo 120 ikaiita matumizi ya mwezi, na oda iliyofuata ikapangwa kwa kipimo hicho hicho.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Pakiti 120 kwa siku kumi ni 12 kwa siku. Kwa mwezi wa siku thelathini ni 360. Nilihitaji 360, programu ikaniandikia 120, na mwezi wa pili zikaisha tena mapema, ikathibitisha kwamba 120 zatosha. Uhaba ule ule uliotuumiza ukageuka kuwa kipimo chetu. Siku ambayo hakuna aliyeitaka dawa na siku ambayo watu arobaini waliitaka wakarudi mikono mitupu, kwa programu ile zilikuwa sawa kabisa. Zote ni sifuri. Jambo hili lilinikosesha usingizi, nalo ndilo ningependa mlirekebishe kabla ya ramani yoyote.

Dawa yake yajulikana. Programu huria ya OpenLMIS, ambayo Tanzania na Zambia zilijengea mifumo yao ya kielektroniki ya kusimamia dawa (eLMIS), ina safu ya kujaza siku ambazo bidhaa ilikosekana, na hesabu ya matumizi hurekebishwa kwa siku hizo. Yenu pia iwe nayo. Kadhalika isimwachie sista kuzihesabu kwa kichwa tarehe 30. Salio likigonga sifuri, programu ianze kuhesabu yenyewe mpaka siku mzigo utakapopokelewa.

Lakini angalieni, hesabu hiyo nayo ina mtego. Dawa ikikaa rafuni siku mbili tu mwezi mzima, na siku hizo mbili ukatoa 60, programu itakwambia mwezi wahitaji 900. Si kweli. Habari zilitembea mtaani kwamba dawa imekuja, watu wakaja kwa mpigo, na wengine walichukua ya akiba. Mwezi ambao dawa ilikuwepo siku chache hivyo msiutumie kabisa. Chukueni miezi iliyokuwa na dawa ya kutosha, na hasa msimu kama huo mwaka uliotangulia, kwa sababu Machi hadi Mei hapa pwani hakufanani na Januari.

Mimi baada ya masika yale niliweka daftari dogo dirishani. Kila niliyemrudisha, mstari mmoja: tarehe, dawa, mtoto au mtu mzima. Sikuandika jina la mtu. Miezi minne baadaye nilikwenda nalo kwenye kikao cha oda, na kwa mara ya kwanza nilisikilizwa bila kukatizwa. Ningefurahi sana kuona kitufe kimoja kwenye programu yenu chenye kazi ya daftari lile: "ameikosa". Kubonyeza mara moja, basi.

La pili ni dawa ya malaria, AL. Huja kwa pakiti nne kulingana na uzito wa mgonjwa: vidonge 6 kwa mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15, 12 kwa chini ya kilo 25, 18 kwa chini ya 35, na 24 kuanzia kilo 35. Pakiti za watoto zikiisha, sista hatamwacha mtoto aungue na homa ilhali za watu wazima zipo. Hukata. Pakiti moja ya 24 hutibu watoto wanne wa vidonge 6. Ni haki yake kufanya hivyo. Ila programu huhesabu kila pakiti kama bidhaa mbali, kwa hiyo hukaa ikiamini kwamba watu wazima wameugua sana mwezi huo na watoto wote wazima. Mwezi unaofuata hupeleka boksi za watu wazima. Mpeni sista mahali pa kusema "nimetoa hii badala ya ile", na hesabu ya chini ishikwe kwa kidonge. Kidonge hicho pia kiwe kipimo kimoja kuanzia bohari hadi dirishani. Nimewahi kuona oda ya mikebe 10 ya vidonge elfu elfu ikisomwa kama vidonge 10.

Kuhusu kujaza siku ya mwisho: usiwalaumu. Zahanati nyingi zina muuguzi mmoja au wawili, na huyo huyo anazalisha, anachanja, anafunga vidonda na kugawa dawa. Dawa moja ameshaiandika kwenye rejista ya wagonjwa, kwenye kadi ya stoo inayoning'inia rafuni na kwenye ripoti ya mwezi. Ninyi mnamletea mahali pa nne. Ondoeni kitu kwanza. Programu iandike ile ripoti ya mwezi yenyewe, mtaona atakavyoipenda. Ifanye kazi bila intaneti pia, ihifadhi ndani ya simu na itume mtandao ukirudi. Bando halipaswi kutoka mfukoni kwa sista. Boksi nyingi siku hizi zina ile alama ya miraba midogo myeusi na myeupe, na ndani yake mna namba ya bidhaa, namba ya bechi (yaani kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja) na tarehe ya kuisha muda. Kamera ya simu yatosha kuisoma, na hapo programu inaweza kumwambia bechi gani itoke kwanza.

Akili unde sina ugomvi nayo. Lakini mkiilisha ile 120 yangu ya masika, itatabiri 120 kwa ufundi mkubwa.

SWALI: Bi, mimi ni muuguzi msimamizi wa zahanati moja Jomvu. Nakiri hapa kwa kuwa hamtaji majina. Nikihitaji vidonge 2,000 vya paracetamol naandika 6,000, kwa sababu najua nitaletewa theluthi. Sasa programu imewekewa kikomo, nikizidisha inakataa. Nimeanza kuongeza idadi ya wagonjwa ili ikubali. Moyo hautulii. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, asante kwa kusema kweli. Nami niliwahi kuzidisha oda, miaka ya mwanzo, kwa sababu hiyo hiyo yako. Ila idadi ya wagonjwa iache leo hii. Takwimu hizo hazitumiki kwa paracetamol peke yake. Kuna mtu atakayepanga chanjo na wauguzi kwa kuzitazama, na ukiongeza wagonjwa wa homa ambao hawakuwepo, mlipuko wa kweli utakapokuja hautaonekana.

Kosa hili halikuanzia kwako. Oda ya zahanati hupita kwa mfamasia wa kaunti ndogo, kisha kaunti, ambako pesa za dawa zipo tangu afya ilipogatuliwa mwaka 2013, halafu bohari. Kila meza inaweza kupunguza. Wewe chini unaona theluthi ikishuka kwenye gari, hujui ni nani aliyekata wala kwa nini, basi unajilinda. Jirani yako naye anajilinda. Juu wanajua kwamba nyote mnazidisha, wanakata zaidi, na asiyezidisha ndiye anayeumia. Huo ndio ubaya wake hasa: yule mgeni, mwaminifu, wagonjwa wake ndio wanaokosa.

Kijana wa Likoni na asome hapa pia. Oda moja ibaki na namba tatu zisizofutana: iliyoombwa, iliyoidhinishwa, iliyopokelewa. Kila aliyepunguza achague sababu: pesa hazikutosha, bohari haina, kiasi hakilingani na matumizi. Na sababu hiyo irudi kwenye simu ya aliyeagiza. Kukatiwa kwa kuwa pesa zimepungua, mtu anaelewa na anapanga. Kukatiwa kimya ndiko kunakofundisha uongo.

Kwako wewe, mwezi huu andika 2,000 yako ya kweli, na kwenye nafasi ya maelezo weka siku ambazo rafu ilikuwa tupu kwa miezi mitatu iliyopita. Chapisha nakala, mpelekee mfamasia wa kaunti ndogo kwa mkono. Mwambie ulikuwa ukizidisha. Najua ni kugumu. Wengi wao walianzia dirishani kama wewe.

SWALI: Asalaam alaikum. Mwanangu ana kisukari, anadunga insulini kila siku. Mwezi jana nimepanda matatu mara tatu kutoka Kisauni, naambiwa haijaja. Kwani hiyo programu haiwezi kuniambia mimi mama ipo wapi?

JIBU: Waalaikum salaam mamangu, pole sana. Yawezekana, na kwa insulini ningependa iwe ya kwanza, maana mtoto wa kisukari hawezi kuambiwa arudi wiki ijayo. Kinachozuia ni hayo tuliyoyasema juu: salio linalojazwa tarehe 30 haliwezi kukwambia ukweli tarehe 12, nami sitaki upande matatu ya nne kwa kufuata namba ya uongo. Kwa sasa omba namba ya simu ya famasia ya kituo na upige asubuhi kabla ya kutoka. Usingoje chupa iishe. Nenda ikiwa imebaki ya wiki mbili, na waombe waandike kila mara unapoikosa. Ikipungua sana, mwanao asipunguziwe dozi ili isukume siku, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na chupa ambayo haijafunguliwa iweke kwenye friji mbali na barafu, kwa sababu insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka ikaonekana safi.