Bibi wa Viraka Anajibu: Khanga za Marehemu Mama, Nikate Nisikate?

Mwangaluka wote. Safu ya mwezi huu nimeiandikia mezani kwa cherehani maana meza ya chakula imejaa bukta na sketi za shule, ntawaambia mbele ni za nini. Barua zimekuja nyingi ila nyingine zinauliza kitu kilekile kwa hiyo nimechukua tano. Hiyo ya kwanza imenikalisha siku mbili.

Shikamoo bibi. Mama yetu alifariki mwaka jana, kaacha sanduku la bati limejaa khanga, tumehesabu zipo 23 na nyingine hazijakunjwa hata pindo. Mimi nataka nizikate nishone mablanketi ya vipande kila mtoto apate lake, tuko wanne. Dada zangu wamekubali ila kaka mkubwa kasema nikipeleka mkasi kwenye khanga za mama nisikanyage kwake tena. Sanduku liko kwangu na kila nikilifungua nalia tu. Nifanyeje? — Binti wa tatu, Igoma

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mkasi uweke kwanza.

Ntakusimulia yangu. Baba watoto alipofariki ndugu zake walikuja kwenye mgawo wa nguo kama ilivyo desturi, wakachukua makoti, wakachukua viatu, mi nikaficha kaunda suti moja ya rangi ya ugoro na mashati mawili, nikayafunga kwenye kiroba nikakirusha juu ya kabati. Sikutaka mtu aguse. Miaka sita. Siku naamua kushusha kile kiroba nakuta panya amezaa humo, mashati yamekuwa kama nyavu za dagaa zilizochoka, na kile kilichosalia cha maana kilikuwa mfuko wa kifuani wa kaunda suti wenye doa la wino wa peni yake iliyovuja, tena doa ambalo niligombana naye kwa ajili yake mwaka mzima. Nikaukata ule mfuko na doa lake. Sasa hivi uko katikati ya blanketi ninalojifunika, na mjukuu wangu mdogo huwa anaficha pipi humo.

Kwa hiyo usidhani nakwambia uzitunze sandukuni, hapana. Ila kaka yako hamlaumu mkasi, analaumu kwamba mmeshakubaliana nyie mabinti halafu yeye kapewa taarifa. Nimekisia tu lakini sidhani nimekosea. Najua mlilijadili kwenye grupu la WhatsApp, ndo mnavyofanya siku hizi, mambo ya marehemu mnayajadili katikati ya picha za harusi za watu. Beba sanduku zima upeleke kwake, jumapili, mkae chini mfungue pamoja, na achague yeye wa kwanza maana ndo mkubwa. Kila mtoto achukue khanga mbili nzima ambazo hazitaguswa, hizo ni nane, na zile mpya ambazo mama hakuwahi kuzivaa ziingie humo humo kwenye nane. Khanga ambayo mama hakuivaa ni kitambaa cha dukani tu jamani. Zile zilizopauka, zenye doa la ndizi na tundu la cheche ya mkaa, hizo ndo za blanketi.

Zinabaki 15. Mimi nikikata mji wa khanga, ile sehemu ya katikati, bila pindo wala jina, yale maandishi yake, napata vipande 18 vya inchi sita na nusu, ambavyo vikishashonwa vinakuwa inchi sita kamili kwa sababu robo inchi kila upande inaliwa na mshono. Kumi na tano mara 18 ni 270, gawa kwa wanne unapata 67 na vinabaki viwili. Blanketi la kitanda cha nne kwa sita nalishona vipande 10 kwa 13, yaani 130, na ukiweka kimoja cha khanga kimoja cha kitambaa cheupe kama ubao wa drafti unahitaji 65 tu vya mama. Inatosha, tena kila mmoja anabaki na viwili vya kurekebisha akiharibu.

Majina usiyakate vipandevipande. Hapo nakuwa mkali. Likate likiwa refu hivyo hivyo na ulishone upande wa kichwani, mtu akivuta blanketi usiku asome. Kama kuna iliyoandikwa Nani Kama Mama hiyo mpe kaka. Na zile zilizochakaa mpaka unaona mkono kwa upande wa pili, bandika kwa nyuma ile gamu nyepesi ya kupiga pasi wanayoweka mafundi kwenye kola, moto wa wastani, ndo ukate. Ukikata kabla zitavutika na hakuna kona itakayokutana na mwenzake.

Kulia utalia tu, hata ukiwa unashona. Ila usilie juu ya pasi.

Bibi habari, mi nimeanza kushona blanketi la vipande kwa ajili ya chumba chetu ila mume wangu kasema nisimletee viraka ndani kwake, eti wageni watasema tumefulia, na kwamba hayo mambo ni ya Wazungu wenye baridi. Naomba unisaidie jibu maana mi sina. — Mama Kirumba

Nzuri mwenzangu. Kwanza mwambie achague moja, ni umaskini au ni Uzungu, haviwezi kuwa vyote kwa siku moja.

Halafu muulize khanga anayokuona nayo kila siku ilitoka wapi. Inavyosimuliwa huko Pwani, karne ya 19 wanawake walikuwa wananunua leso za mraba ambazo zilikuja zimeungana kwenye jora, wanakata sita, wanashona safu mbili za tatu tatu, wanajifunga. Baadaye wenye maduka wakaona kumbe hela iko hapo, wakaanza kuleta kitambaa kimoja kilichochapwa tayari. Ndo maana wengine mpaka leo wanaiita leso. Yaani hilo vazi lenyewe la heshima, la harusi na la msibani, limeanza kwa mwanamke kuunga vipande.

Na Uzungu wenyewe nao ni nusu ya habari. Huko India, jimbo la Karnataka, wako watu wanaitwa Wasidi, asili yao ni Afrika, wengine walipelekwa huko utumwani karne nyingi zilizopita. Wanawake wao wanashona mablanketi ya vipande vya nguo kuukuu, wanayaita kawandi, na mtindo wao ni wa kwao kabisa, wanaanzia pembeni, wanazunguka pindo zima kwa mkono wakielekea katikati mpaka wanafunga. Kwenye kona wanaweka vipande vidogo vilivyokunjwa, wanaviita phula, maana yake maua. Wakimaliza bila maua kwenye kona wanahesabu blanketi halijavaa nguo. Na Marekani kuna kijiji cha watu weusi kinaitwa Gee's Bend, Alabama, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba, walishona kwa suruali za kazi zilizochanika magotini kwa sababu hawakuwa na kingine. Mwaka 2002 yale mablanketi yakatundikwa ukutani kwenye jumba la makumbusho la sanaa Houston, watu wakalipa kiingilio kuyaona, na mwaka 2006 yakawekwa kwenye stempu za posta.

Sisi tunakaa kanda ya pamba, hapa mjini kwetu Mwanza kuna barabara inaitwa Pamba na timu ya mpira inaitwa Pamba, halafu mtu anaona aibu ya kitambaa. Malizia blanketi lako. Tandika upande wa ukutani anakolala yeye. Hizi pepo za mwezi wa sita zikianza kupiga saa kumi alfajiri utaona nani anavuta.

Kuhusu baridi yuko sawa kidogo lakini. Mwanza haitaki sponji nene katikati, utaoka. Weka blanketi jembamba lililochakaa, au shuka kuukuu tu, safu tatu basi.

Bibi cherehani yangu ya miguu ikifika kwenye safu tatu inaruka mishono na uzi unakatika, fundi kanambia ninunue nyingine. — Nansio, Ukerewe

Usinunue! Huyo fundi ana ya kukuuzia.

Badilisha sindano, weka namba 16, na uhakikishe upande wake bapa umekaa kama ulivyokaa ule wa zamani, ikigeuka kidogo tu inaruka. Refusha mshono. Fungua chini kwenye bobini utoe zile pamba zilizojikusanya, mimi mwezi uliopita nilitoa donge kama ukubwa wa njugu na kifungo cha shati la mjukuu ambacho tulikuwa tumekitafuta nyumba nzima. Tia mafuta ya cherehani, sio ya kupikia, nimeshaona. Na usilivute blanketi kwa nyuma ili liende haraka, ndo linalovunja sindano.

Mi mwenyewe napambana na hilo sasa hivi kwa ajili ya hizi sare nilizowaambia. Mjukuu wangu wa kiume kamaliza la saba, mama yake hakuwahi kutupa sare hata moja, zilikuwa kwenye beseni chini ya kitanda toka la kwanza. Namshonea blanketi la kwenda nalo bweni kidato cha kwanza. Bukta ya la tatu imepauka matakoni mpaka imekuwa ya kijivu kwa sababu ya kuteleza kwenye mawe ya Mabatini na wenzake, hicho kipande nimekiweka katikati na yeye hataki, anasema wenzake watauliza. Bado tunavutana. Shida ya sare ni tetroni, inateleza, haikunjiki vizuri, kwa hiyo nabana na pini nyingi kuliko kawaida.

Habari bibi. Nimeweka kitenge chekundu na vipande vyeupe, nilivyofua mara ya kwanza vyeupe vyote vikawa pinki. Kuna njia ya kurudisha? Na wanasema chumvi na siki vinazuia rangi kuchuja, ni kweli? — Nyegezi

Nzuri mama, pole, ila hapa ulikosea mwanzoni. Kila kitambaa kinafuliwa peke yake kabla ya mkasi, tena nyekundu na nyeusi nafua mara tatu nne mpaka maji yatoke meupe. Ukitaka kupima, lowesha kona ubane na kitambaa cheupe dakika chache uone. Chumvi na siki nimetumia sana enzi hizo nikiamini, kwa vitambaa vya sasa sioni kazi yake, saladi inakuwa haina siki tu.

Kurudisha inawezekana kama hujapiga pasi. Usiliache likauke. Beseni kubwa kabisa ulilonalo, maji ya moto mengi, sabuni ya unga, lizamishe lote lisielee, uliache usiku kucha, asubuhi umwage ujaze tena mpaka maji yasibadilike rangi. Kitambaa cha bei rahisi kinaweza kisikusikilize. Na ukishamaliza angalia ziwani kabla hujaanika, wale wadudu wakinyanyuka kama moshi usitoe kitu cheupe nje, mimi walinitulia kwenye shuka zima jeupe nikafua upya huku nawatukana.

Mwingine kauliza humohumo jinsi ya kujua kama kitambaa ni pamba kweli. Chomoa nyuzi mbili, choma na kiberiti. Ikinuka karatasi na kuacha jivu laini ni pamba. Ikijikunja ikawa punje ngumu ni polista, usiipige pasi ya moto. Vipande vya bure viko Makoroboi, pitia kwa mafundi jioni wanapofagia, nenda na mfuko wako na senti za soda, wanakujazia.

Shikamoo bibi, mi ni kijana wa miaka 16, bibi yangu alikuwa anashona na kaniachia cherehani. Napenda kushona blanketi za vipande ila washkaji wananicheka wanasema kazi ya kike. — Kijana, Buhongwa

Marahaba baba. Hao washkaji suruali zao nani kazipunguza miguu? Tembea barabara yoyote hapa mjini uhesabu wanaokaa kwenye cherehani vibarazani, wengi wao ni wanaume, wanalipa kodi na wanasomesha watoto kwa kile kiti.

Anza na kipande cha ukubwa wa mto, sio blanketi, utachoka. Vipande tisa, tatu kwa tatu, na usipime kwa macho, tafuta rula. Ukikwama niandikie tena uniambie umekwama wapi hasa. Na mkasi wa bibi yako usimwazime mtu yeyote, hasa wanaotaka kukata sandpepa. Wangu umekufa hivyo.