Kuotesha brashi za polima: nanomita 80 zilizonidanganya

Siku niliyopima bamba langu la kwanza la silikoni, elipsomita, mashine inayopima unene wa tabaka kwa mwanga, ilisoma nanomita 80. Nikapiga picha skrini, nikairusha kwenye grupu la WhatsApp la maabara. Jioni fundi wetu, mama asiye na maneno mengi, akaniuliza kitu kimoja tu: "Umeliosha?"

Nilikuwa nimelisuuza, kama mtu anavyosuuza kikombe cha chai. Nikalilaza usiku kucha kwenye tolueni, kiyeyusho cha polima. Asubuhi zilibaki nanomita 6.

Kwa anayeanza: brashi ya polima ni minyororo ya molekuli iliyoshikizwa kwa ncha moja kwenye uso wa kitu, tena imebanana hadi inalazimika kusimama. Ni abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Hakuna aliyependa kusimama, ila pa kukaa hapapo. Minyororo ikiwa mbalimbali, kila mmoja unajikunja kivyake na hiyo si brashi.

Unaweza kuchukua minyororo iliyokwisha tengenezwa ukaipandikiza kama miche ya kitaluni, lakini iliyotangulia kushika inaizibia njia inayofuata. Mimi napanda mbegu, yaani kianzilishi, kwenye uso wenyewe, kisha naotesha minyororo palepale kwa ATRP, njia ya kutengeneza polima iliyotangazwa mwaka 1995, inayoendeshwa na shaba.

Makosa mengi hutokea kabla monoma, yaani molekuli ndogo zinazoungana kuwa mnyororo, haijaguswa. Wapo wanaosafisha bamba kwa mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na haidrojeni peroksaidi. Unasafisha kweli, lakini ukikutana na asetoni unaweza kulipuka. Nimeuacha, natumia mwanga wa urujuanimno na ozoni.

Halafu inakuja APTES, kemikali ya jamii ya silani inayoshika bamba ili kianzilishi kipate pa kushikia. Hapa tulia. Tabaka lake la molekuli moja halifiki hata nanomita 1. Ukisoma 4 usishangilie: unyevu umeingia, silani imeshikana yenyewe kwa yenyewe, na mabonge hayo yakibanduka yanaondoka na brashi yako. Pima kila hatua, ukianzia na oksidi ya bamba lenyewe, ambayo huwa karibu nanomita 2. Na kwa tabaka jembamba namna hii usiiachie mashine itafute unene na kiwango cha kupinda mwanga kwa mpigo. Itakupa jibu zuri la uongo. Mimi kiwango hicho nakifunga kwenye 1.5 hivi.

Oksijeni ndiyo adui wa kila siku. Ukitumia kloridi au bromidi ya shaba pamoja na bipiridini, mchanganyiko mzima ni wa hudhurungi iliyokolea. Ukianza kugeuka kijani, hewa imepenya, mara nyingi kwenye kizibo cha mpira kilichotobolewa sindano mara nyingi mno. Badilisha kizibo, vinakuja kwa mfuko.

Kujua msongamano wa minyororo ni shughuli pevu. Bamba la sentimita 1 ya mraba lenye brashi ya nanomita 30 limebeba mikrogramu 3 tu za polima, hivyo kuikata na kuipima karibu haiwezekani. Ndiyo maana tunaongeza kianzilishi huru kwenye chupa, tunapima minyororo iliyoota humo, tukichukulia kwamba ya juu ya bamba inafanana nayo. Uzito wa molekuli ukiwa 50,000 kwa unene huo, unapata kama minyororo 0.4 kwa nanomita ya mraba, brashi nzuri kabisa. Ila hiyo ni dhana. Iandike hivyo kwenye tasnifu.

Minyororo huru hiyohiyo ndiyo ilikuwa imelala juu ya bamba langu na kunipa nanomita 80.

Kwa hiyo siku hizi kila chupa naitia pia bamba tupu, lisilo na kianzilishi, na ninayaosha yote pamoja. La kwanza kabisa nililojaribu hivyo lilitoka kwenye tolueni na nanomita 4. Nikaenda kuitazama upya ile 6 yangu.