Mwanangu, Hiki Ndicho Kinachonizuia Nisiende Milano

Mwanangu mpenzi,

Jana kwenye simu uliniuliza, "Mama, huo mji wa vikongwe una nini hasa mpaka unakataa kwenda Milano kwa shangazi, kwenye mshahara mnono?" Nikakukatisha, maana Bibi, huyu mzee ninayemtunza, alitaka kugeuzwa. Sasa amelala, ngoja nikujibu.

Locorotondo, huu mji wetu wa kusini mwa Italia, maana yake mahali pa mviringo. Nyumba nyeupe za chokaa zimejipanga duara juu ya kilima, na mashambani kuna trulli, vijumba vya mawe yaliyopangwa bila tope wala saruji, paa kama pia iliyopinduliwa. Alberobello, mji wa jirani, wanasimulia kuwa bwana wao wa zamani aliwaamuru wajenge hivyo ili wakaguzi wa mfalme wa Napoli wakija, nyumba zibomolewe upesi asilipe kodi ya mji mpya. Mpaka 1797 ndipo mfalme alipowatoa mikononi mwa bwana huyo.

Mwaka wa kwanza nililia sana. Saa saba mchana maduka yanafungwa, madirisha yanafungwa, hadi saa kumi na moja hata paka humwoni. Jioni akina bibi wanatoa viti mlangoni na kukukagua kuanzia kilemba hadi kandambili, wala hawafichi. Siku ya tatu mmoja akaniuliza, "Wewe ni wa nani?" Si jina, si nchi. Nilikasirika, nikajua ananidharau. Kumbe kesho yake nikamsikia akimuuliza swali hilohilo kijana wa kwao, mweupe kama yeye. Si ndivyo wazee wa Muheza walivyokuuliza ulipokwenda likizo? Basi nikamjibu: mimi ni wa Bibi wa nyumba ile karibu na kanisa. Yakaisha. Tangu hapo muuza mboga ananiwekea majani machungu wanayoyala na maharage ya fava yaliyopondwa. Nilipoyaonja mara ya kwanza niliweka kijiko chini. Mchunga mtupu, mwanangu!

Huku mtu akifa, tangazo lake hubandikwa ukutani: jina, mjane wa nani, mazishi saa ngapi. Watu husimama wakalisoma kama gazeti. Mwezi uliopita alifariki jirani yetu. Chini ya majina ya watoto na wajukuu, familia iliandika shukrani kwa dada wa nchi ya Georgia aliyemtunza. Nilisimama pale na mfuko wa viazi mpaka mkono ukaniuma.

Sikufichi, umbeya upo, na wapo wasioitikia salamu yangu hadi leo. Vijana wanaondoka, Agosti 16, sikukuu ya Mtakatifu Roko, wanarudi kutazama fataki, halafu mji unabaki na sisi na wazee wetu. Pesa ya Milano naijua, na ada ya mdogo wako naijua pia. Lakini shangazi yako ana miaka saba kwenye lile ghorofa na hajui anayekaa mlango wa pili anaitwa nani.

Mwambie nitakwenda kumsalimia zeituni zikishavunwa. Nawe ukipata mtu anayekuja huku, mpe mbegu za mchicha. Mtoto wa Bibi amenipa kipande nyuma ya trullo lake, na nimeshakilima.

Mama yako