Jibu: Mume wangu mjeda kahamishiwa Tabora, je watoto watazoea?

Dada pole na mawazo, umeuliza kama wanao watateseka na hizi hamahama za baba yao. Mi nimekulia kota za jeshi hapohapo Tabora, Milambo, mzee wangu alikuwa JWTZ, na kuhama kwenyewe wanazoea fasta maana kambini watoto karibu wote wametoka mikoa mingine.

Kinachouma ni mzee akienda misheni. Wa kwetu alienda Darfur kule Sudan, ile ya kulinda amani ya UN na Umoja wa Afrika iliyoanza 2007, na nyumbani hatukuambiwa kitu kabisa, mama akawa anazima redio taarifa ya habari ikifika, sasa sisi tukawa tunaokoteza maneno ya watu bombani halafu usiku hatulali. Waambie wanao anaenda wapi na atarudi lini hata kwa kukadiria.

Na akirudi msiwalazimishe kumkimbilia. Mdogo wangu alijificha nyuma ya mama, mzee aliumia jamani ila hakumfokea, akawa anampeleka shule kwa baiskeli kila asubuhi mpaka wakazoeana. Hilo ongea na mumeo mapema, kabla hajaitwa.